Yowe la Taratibu

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji kanitia hasira leo mazoezini! Kwa kuwa anapiga gitaa na bendi yetu ya roki kaianzisha yeye, basi anajiona fundi wa kila kitu. Mimi ndiye mwimbaji, nimepiga yowe langu la wimboni kama nilivyolipiga miaka mitatu: pumzi ya tumboni, koo limelegea, maiki ndiyo inayolikuza. Kasimamisha wimbo. Eti nanong'ona. Eti roki ni kelele, nipige kama mtu aliyeibiwa! Nikamwambia yowe lenyewe hupigwa taratibu. Kacheka. Mpiga ngoma naye kacheka. Basi nikawapa wanachotaka — kwa koo, kwa nguvu zote, mara ishirini. Hasira hasara. Mjinga ni mimi.

Jumanne, 5 Machi
Nimetema mate, yana damu. Daktari kapitisha kikamera puani mpaka kooni. Siku kumi nisiseme neno, hata kunong'ona marufuku. Nikipiga yowe kabla ya hapo, sauti huenda isirudi tena. Na tamasha ni Jumamosi! Mume wangu eti nyumba imepata amani. Nimemrushia mto.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja. Pole yenyewe kaitoa nusu. Nafasi yangu kampa Tarumbeta, yule mnadi nguo wa sokoni anayesikika mpaka mtaa wa pili. "Huyo ndiye mwenye koo," kasema. Nami sina hata sauti ya kumtukana! Nimegonga meza, chai ikamwagikia suruali yake. Safi.

Jumamosi, 9 Machi
Saa kumi na moja jioni. Nimejifungia chumba cha kubadilishia nguo, nyuma ya jukwaa. Nilikuja kutazama tu — mwongo mimi, nilikuja kuwaona wakiaibika. Wameaibika! Wimbo wa pili tu, Tarumbeta kakauka sauti, kabaki kukohoa kwenye maiki. Wamemzomea. Sasa wanaita jina langu la jukwaani: "Radi! Radi!" Ukumbi mzima! Sijawahi kuitwa hivi.

Shemeji anagonga mlango. Kaniita shemeji, kaniita dada, bado kidogo ataniita mama. Eti mara moja tu. Eti nisitumie nguvu, nipige lile langu la taratibu. Leo kalijua!

Nimeandika HAPANA kwenye karatasi, herufi kubwa, nimpitishie chini ya mlango. Dakika tano sasa. Bado ninayo mkononi, na watu hawanyamazi.