Begi Lililovuka Mpaka

Mpemba, Tunduma
Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Pokea salamu zangu za uchovu, maana nyingine leo sina. Mguu unaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unaufunga yale majani yako halafu kesho yake unapanda shambani kana kwamba una mguu wa akiba? Na baba, kikohozi kimemwachia? Nasikia huko Ileje mvua haijakata na barabara inateleza, kwa hiyo hata hasira ya kutokuja kwako nimeiacha. Nilikuwa nayo, sikufichi.

Habari kubwa najua mmeshaipata, kaka alipopanda kule juu kutafuta mtandao. Mjukuu wako yupo, ni wa kike, anapumua, na jana tumetoka hospitali. Lakini mengine hayasemeki kwenye simu ya kaka, ambaye huweka sauti kubwa mpaka mbuzi wanasikia mambo yangu. Ndiyo maana nimemwomba mwinjilisti wenu, anayerudi huko kesho, anipe nafasi niandike. Naandika mtoto akiwa kifuani, mwandiko ukipinda nivumilie.

Unalikumbuka lile begi la safari ya kwanza. Nani alikumbuke kama si wewe? Nililifungasha mapema, nguo zote mpya, zimekunjwa, zinanukia sabuni. Tukarudi bila mtoto, na begi limejaa vilevile. Nilikuwa nimelala nimegeukia ukutani, nikakusikia umekaa chini unalifungua, unatoa nguo mojamoja. Nilipoamka hazikuwepo, na sijawahi kukuuliza ulizipeleka wapi. Wanawake wa kanisani walisema nguo mpya kabla ya mtoto zinaita jicho la watu. Wewe ukasema hayo huyajui, ila safari nyingine nisinunue kitu, mgeni hutandikiwa akishafika.

Basi safari hii nikashika neno lako. Kila nikienda kliniki muuguzi ananiuliza kama begi liko tayari, nami namjibu liko tayari, na hata kulitoa chini ya kitanda sijalitoa. Nilikuwa naliogopa begi, mama. Lameck alinisema sana. Unamjua mkweo, ni mtu wa biashara, kwake mzigo usiofungwa hauna safari. Mwishoni nikatia vile tu vinavyotakiwa na hospitali, mpira wa kutandika, glovu, pamba, wembe, beseni na khanga zangu. Cha mtoto nikaweka kimoja tu, ile mbeleko yako kuukuu uliyoniletea, uliyonibebea mimi. Nikaificha chini kabisa.

Sasa sikia ujinga wa nyumba ya mfanyabiashara wa Tunduma. Humu ndani mabegi ni yale ya nailoni ya mistari, yale ya shangazi kaja, mume wangu hana mengine. Asubuhi ile alikuwa ameweka nyuma ya mlango begi la vitenge, lichukuliwe na mwenye baiskeli apeleke ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, kwa mteja wake. Na langu lilikuwa nyuma ya mlango huohuo. Uchungu ulinishika kabla ya wakati wake. Lameck akabeba begi, akanibeba na mimi, tukaingia kwenye bajaji na kuanza kupenya katikati ya foleni ya malori, dereva anapiga honi, mimi namng'ata Lameck bega.

Tulipofika muuguzi akasema tutoe vitu vya mama. Lameck akafungua zipu. Vitenge. Vipya, vigumu kwa gundi, vinang'aa, na karatasi zake bado zimebandikwa. Muuguzi alicheka kidogo, akidhani tumekuja kuuza. Mimi nililia, si kwa uchungu. Nilijiambia ni yaleyale, tumekuja tena na nguo mpya.

Alizaliwa mdogo, mama. Miguu yake ilikuwa kama vidole vyangu, na alikuwa wa baridi, halii, anakunja uso tu kama mtu aliyeamshwa bure. Muuguzi akasema afungwe kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, na kitambaa kilichopo ni kile tu. Nikakataa. Nikamwambia asimguse mtoto wangu na nguo mpya, watafute khanga ya mtu yeyote, hata ya kudekia. Alikuwa mama mtu mzima, hakunigombeza. Aliniinamia akasema, "Binti, mtoto hajui mpya wala kuukuu. Anajua joto." Lameck hakungoja nijibu. Alichana kitenge cha mteja kwa meno, kisha cha pili, na muuguzi akanifunga mtoto humo.

Basi nikakaa. Sina neno jingine, nilikaa. Kulala ni kwa kuegemea, maziwa ni ya kukamua tone kwa tone kwenye kikombe, mgongo si wangu tena. Kila asubuhi walimchukua kumpima uzito, na mpaka arudi mimi natazama mlango. Wenzangu walikuja, wakazaa, wakafungasha, wakaondoka wakiniaga kwa huruma. Nilichoka mpaka nikaacha kuomba kwa maneno. Nilikuwa namhesabu Mungu kama mtu aliyekaa kitanda cha jirani, anaona mwenyewe.

Begi langu nalo lilikuwa limeshavuka mpaka. Mteja mwenyewe ni Bana Chanda, yaani Mama Chanda, mama mmoja wa Kibemba, mnene, ambaye hajawahi kupokea mzigo wa Lameck bila kugombana naye. Lameck alimpigia, simu haipatikani. Kumbe naye alikuwa anatafuta njia ya kutufikia. Siku moja mchana nikaona anaingia wodini na begi kichwani, anatembea kama mwenye hospitali. Akasema alipofungua na kukuta glovu na beseni alidhani Lameck amebadilisha biashara, halafu akaelewa, akakaa chini. Alikuwa ameongezea sweta na kofia ya mwanawe wa mwisho, vimepauka kwa kufuliwa. Hakuna aliyemwambia alete vya zamani. Kisha akaingiza mkono mpaka chini, akatoa mbeleko yako ikiwa imekunjwa vilevile nilivyoikunja.

"Hii sikuifungua," akasema. "Nguo ya mama wa mtu haifunguliwi na mgeni."

Akaifungua pale mbele yangu, akanifunga mtoto nayo yeye mwenyewe, akikaza fundo kama wewe unavyokaza. Mama, inanuka moshi wa jikoni kwako. Nililia sana siku ile, na nilikulilia wewe.

Tangu hapo mtoto alianza kuongezeka. Sisemi ni mbeleko. Muuguzi anasema ni maziwa, Lameck anasema ni Mungu, Bana Chanda anasema ni sweta yake, na kwa sababu hiyo anadai mtoto aitwe jina lake. Mimi nimechoka kubishana na watu. Jina nakungoja wewe, mguu ukipona uje nalo.

Nisalimie baba, mwambie mjukuu ana paji lake la uso, pole yake mtoto. Msalimie kaka na wifi, na bibi aliyenifundisha kufunga fundo la mbeleko. Mama mchungaji mwambie maombi yake yamefika, asiache.

Jambo la mwisho. Jana tulipoambiwa tufungashe sikuweza hata kuinuka, Lameck ndiye aliyefungasha, akasokota kila kitu na kukisindilia ndani. Leo nimelifungua begi mwenyewe. Mama, lilikuwa linanuka! Maziwa yaliyochacha, mikojo, kinyesi cha mtoto, hakuna nguo hata moja iliyorudi safi. Usinigombeze, najua mzazi hafui. Lameck alitaka kufua, nikamkatalia, hizi nilitaka nizifue kwa mikono yangu. Sasa kamba yote ya uani imejaa, na upepo wa huku unazipaka vumbi la malori, kesho zitakuwa chafu tena.

Nitafua tena.

Mimi mwanao,
Atupele