Pampu Iliyonyamaza Siku ya Mtakatifu Roko

Lukrija na Jerko,

Sikuwa na kipima umeme, sikuwa na tochi, wala sikuwa na mwana wa kunishikia spana. Mwana alikuwa amelala, baada ya kutangaza jana: "Baba, pampu ya mafuta ya boti imekufa. Mwachie jirani Vicko aibebe sanamu ya Mtakatifu Roko kwenye maandamano ya baharini."

Dagaa wamo kwenye friji. Wachomeni, msiwakaange.

Sasa sikilizeni. Nilipowasha swichi, pampu haikuvuma. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikaunga balbu kwenye nyaya mbili za pampu, haikuwaka. Nikahamishia waya wa hasi wa balbu moja kwa moja kwenye betri, ikawaka. Shule ya usiku ilinifundisha kwamba umeme ukienda lazima urudi. Kumbe waya wa hasi wa pampu ulikuwa umefungwa kwenye chuma juu ya rangi ya buluu, na rangi haipitishi umeme. Aliyepaka na kufunga Jumamosi, akiirembesha boti kwa ajili ya sanamu ya mtakatifu, ni ~~Jerko~~ mimi. Lukrija, mke wangu, cheka sasa umalize, mbele ya wageni sitaki kusikia neno.

Nimekwangua rangi, nimekaza nati, injini imewaka mara moja.

Jerko, mwanangu, pampu haifi kwa kutangazwa. Nipigie pasi shati jeupe.

Padri alitaka jibu kabla ya misa, la sivyo angemwita Vicko. Nimemwandikia: "Boti yetu inawaka. Mleteni Roko bandarini saa nne." Bahasha nimeifunga. Naenda kuipitisha chini ya mlango wake.

Baba