Skima ya Tangi la Mama

Jumamosi, 5 Julai 2025

Khubaib amerudi na skima. Yaani ule mtambo wa tangi la samaki wa baharini: unachanganya maji na hewa, uchafu unashikana na povu, povu linapanda kwenye kikombe, unakwenda kumwaga. Kazi nzuri. Shida ni kimo chake! Tangi letu ni la lita mia mbili. Boksi la skima limeandikwa lita elfu. Haikuingia kwenye kabati la chini ya tangi. Mume wangu kang'oa mlango wa kabati.

"Ikiwa kubwa haichoki," kasema.

Nikamuuliza: na mimi nikipata oda ya keki ya watu sita, niioke kwenye sinia ya harusi? Kajitia hasikii. Mtu huyuhuyu ndiye aliyenunua friji ikakwama kwenye ngazi zetu hizi za Kuze, tukawa tunapita ubavu ubavu.

Lakini simcheki sana. Tangi kamnunulia mama yake, Bi Mwanakuu. Tangu Baba mkwe afariki, yuko edani, hatoki, na wanaokuja kumpa mkono wa tanzia wamepungua. Alikuwa akikaa akitazama ukuta. Sasa anatazama samaki na matumbawe. Na sahani yake inarudi jikoni tupu, alhamdulillahi! Mwanzo ilikuwa ikirudi kama nilivyoipakua.

Jumatatu, 7 Julai

Skima inanguruma kama posho mili inayosaga mahindi. Kikombe — kikavu! Khubaib anainama, anainuka, anapangusa kioo kwa ncha ya kikoi. Anasema labda maji yetu ni masafi mno. Bi Mwanakuu kamuuliza huyo mgeni wake ataondoka lini, maana hasikii taarifa ya habari.

Khubaib kampigia simu Auma, mwenye duka la samaki wa mapambo kule Mwembe Tayari. Alivyocheka! Nilimsikia mimi, niko jikoni. Kasema skima ikilizidi tangi, uchafu hautoshi kulishika povu lifike juu. Linapasukia njiani. Turudishe, atatubadilishia.

Khubaib anafunga boksi kama anayemfungia mtu mzigo wa safari. Nimejizuia nisicheke. Nimejitahidi.

Jumatano, 9 Julai

Sasa kaenda upande wa pili. Kaleta kiskima kama chupa ya chai. Lita mia mbili, wala si zaidi. Kabla ya adhuhuri — povu!

"Maisara, ndoo uone!"

Nikaenda na unga mikononi. Povu la rangi ya chai ya rangi, harufu Mungu anajua. Na yeye anatabasamu kama aliyepata mtoto wa kiume.

Alasiri furaha ikamwagika zuliani. Kikombe kilijaa, kikafurika, zulia la wageni likanywa. Nimelikamua, nimelianika, bado linanuka pwani ya maji kupwa. Maji ya tangi yamekuwa meupe kama tui. Na kitatange wetu, yule samaki wa milia ya manjano, yuko juu anahema.

"Huyu ana nini?" kauliza Bi Mwanakuu.

Chakula chake cha jioni kimerudi nusu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeona jambo. Sijui nicheke au nilie.

Khubaib alikwenda sala ya Ijumaa. Mimi nampelekea Mama maji ya ukwaju, mlango wa sebule uko nusu wazi. Yuko kitako mbele ya tangi, sahani ya wali wa kamba mapajani. Tonge moja kwake. Kisha anachukua kamba, anamwosha viungo kwenye gilasi ya maji — anamwosha! — anamchambua, anafunua kifuniko, anawatilia. Tonge kwake, kipande kwao. Na anazungumza!

"Leo Mahfudha hakuja kunitazama, mguu wamuuma. Na wewe kula, wacha kuringa. Wana ndaa hawa, Khubaib awapa vichembe kama dawa."

Kisha akacheka. Kicheko chenyewe, kile nilichokikuta nilipoolewa nyumba hii. Sijakisikia tangu mazishi.

Nilirudi na ukwaju wangu, nikaunywa mwenyewe, nimesimama.

Kumbe kiskima hakina kosa. Kimepewa kazi ya karamu. Nikimkataza Mama, maji yatatulia. Na yeye je? Ile sahani tupu niliyokuwa nikiifurahia, hii ndiyo siri yake. Anakula kwa kuwa ana wa kula naye.

Sijamwambia Khubaib. Atafika mlangoni tu, aanze kuhutubu.

Jumapili, 13 Julai

Tumekwenda kwa Auma wote wawili. Nimebeba tepu yangu ya kupimia. Kabla hatujatoka nilipima kabati, nikapima na kina cha maji ya tangi dogo la humo kabatini ambamo skima hukaa. Khubaib kaniangalia kama nimemwibia kazi.

Auma kasema lita za boksi ni mwanzo tu. Tangi lenye samaki wachache linataka ndogo. Tangi lilelile likilishwa sana, kubwa zaidi. "Mnalisha mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi," kasema Khubaib. "Kidogo."

"Ongeza," nikasema.

"Niongeze nini?"

"Chakula cha mchana. Na cha jioni. Na kamba."

Auma kaleta ya kati. Ya lita mia nne, inaingia kabatini. Khubaib nimemweleza nje, mabasi ya bara yanapiga honi, makuli wanatusukuma. Kaliweka boksi chini.

"Kwa hivyo Mama anakula?" kauliza.

"Anakula."

Kasema vumbi la Mwembe Tayari baya sana. Kajipangusa macho.

Jumanne, 15 Julai

Skima ya kati iko ndani. Haingurumi. Povu linapanda polepole, linasimama shingoni mwa kikombe. Auma kasema itachukua siku kadhaa kutulia. Maji yameanza kung'aa. Kitatange bado mnyonge, ila kashuka chini.

Tumekubaliana Mama aambiwe: awape mara moja kwa siku, kamba mtupu bila viungo, nitamchemshia mimi. Nani amwambie? Tumesukumana koridoni kama watoto wa chuoni wasiohifadhi sura. Nimemshinda. Kaingia yeye.

Naandika kwenye meza ya jikoni, chapati ziko motoni. Nawasikia.

"Mama, kuhusu samaki—"

"Kaa kitako. Eda ikisha, wanipeleka sokoni niwatizamie kamba mwenyewe. Hawa wa Maisara wadogo."

Ametaja kutoka! Yeye mwenyewe!

Namngojea Khubaib aseme. Tulikubaliana. Kijiko kinagonga sahani. Kifuniko cha tangi kinafunuliwa.

"Mama," anasema, taratibu, "huyo wa nyuma hajapata."