Utomvu wa mkonge kwenye jicho la mama

Alhamisi. Jua limewaka Voi tangu asubuhi, vumbi la barabara kuu limeingia mpaka kwenye chai. Nimechefukwa, na si kwa sababu ya chai.

Kaka yangu Elijah, anayekaa na mama kijijini Mbololo, amemtia utomvu wa mkonge jichoni.

Mkonge! Ule unaowawasha mikono hata wanaoukata. Elijah alifanya kazi shamba la mkonge miaka ishirini, akiona jani bichi likiingia mashineni na kutoka nyuzi nyeupe. Akaamua utomvu ndio unaosafisha, basi utaondoa na mtoto wa jicho. Mashine ndiyo inayokwangua, jamani! Akachanganya na asali, eti kupunguza ukali. Ule ute wa kijani ukamtiririka mama mpaka shavuni.

Leo daktari wa macho amenieleza, na mimi fundi wa vioo vya malori nikashika upesi. Mbele ya jicho kuna konea, ni kioo cha gari kabisa: kimepinda, kinapitisha mwanga. Nyuma yake ni mboni, tundu linalopanuka gizani na kusinyaa juani. Nyuma ya mboni iko lenzi, inayolenga mwanga kwenye retina, ukuta wa nyuma kabisa. Picha inatua pale kichwa chini miguu juu, ubongo ndio unaoigeuza. Mtoto wa jicho ni hiyo lenzi imefanya weupe, kama ute wa yai ulioiva.

Yaani ukungu wa mama uko ndani.

Dereva akiniletea kioo chenye ukungu wa ndani, nami nikamwaga asidi kwa nje, atanipiga na jeki. Na atakuwa na haki.

Sasa konea imeungua. Mama alikuwa abadilishiwe lenzi mwezi huu. Daktari anasema kidonda kipone kwanza, na kikiacha kovu kubwa, lenzi mpya haitamsaidia sana. Kioo cha mbele kikishakwaruzika, utaona nini?

Nilimpigia Elijah.

"We fundi wa vioo," akacheka, "jicho umelisomea wapi?"

Mama, aliyekaa kando yangu na kitambaa usoni, akamtetea: "Mwache kaka yako. Alikuwa anasaidia. Tena asali ilikuwa tamu, ilifika mpaka mdomoni." Akacheka peke yake. Mimi sikuweza.

Jicho la kushoto nalo limeanza ukungu. Ndilo linalomwonyesha njia ya kwenda choo.

Jioni Elijah akapiga tena, sauti ya upole. Nilidhani anaomba radhi.

"Dawa ya jicho la kulia labda ilikuwa kali," akasema. "Ya kushoto nitaizimua na maji."

Nikakata simu. Nimemwambia mama kuku wake wote waje Voi, nitawajengea banda nyuma ya karakana. Mbololo harudi.