Kinyama cha Neema

Jumatatu, 3 Machi 2008
Bado naisikia ile pumzi. Mtoto amelala kwenye benchi la kliniki, mdomo wazi, anakoroma kama mzee. Imenifuata hadi hapa chumbani kwangu, mtaa wa Section 58, Nakuru. Nimekula ugali baridi nikiwa nimesimama. Mercy, niliyekuwa naishi naye, alienda kwao Desemba, hajarudi. Kitanda chake bado kimetandikwa.

Jumatano, 5 Machi
Mtoto anaitwa Neema. Darasa la kwanza. Ana maji nyuma ya ngoma za masikio yote mawili, na kinyama cha nyuma ya pua kimevimba hadi hewa haipiti. Shuleni walisema ni mkaidi, haitiki akiitwa. Mama yake alinieleza bila kuinua macho. Wanaishi hemani tangu Januari, nyumba yao ilichomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Sikuuliza ilikuwa wapi. Siku hizi hakuna anayemuuliza mtu kwao ni wapi.
Upasuaji ni Jumanne. Nimemwomba mama kile kinyama kwa utafiti wangu. Alikubali haraka, akatia alama ya kidole kwenye fomu.

Ijumaa, 7 Machi
Profesa anayesimamia utafiti wangu amepiga simu. Barabara zilipofungwa watoto hawakuletwa, na stima ilipopotea friji ilizima, sampuli zangu zikaharibika. Neema ndiye wa mwisho kabla muda wangu haujaisha. Nataka kujua jambo moja tu. Zile seli za kinga zilizojazana pale, zinapigana au zimelala? Nataka mno. Najiogopa.

Jumanne, 11 Machi
Upasuaji umeenda salama. Maji ya masikioni yalikuwa mazito kama gundi. Nimekipokea kinyama kikiwa bado na joto, nikakiweka kwenye barafu. Lazima kikatwe na kusagwa leo leo. Seli zikifa hazisemi kitu.
Nilikuwa nimeshika kisu mama yake Neema alipobisha mlango wa maabara. Hakutaka kuingia.
"Daktari, samahani. Kile kinyama, nitapewa?"
Nikamwambia mimi si daktari. Nikamweleza utafiti upya. Alisikiliza hadi mwisho.
"Kitovu chake nilikizika kule shambani. Sasa kule kuna watu wengine. Sitaki kumwacha vipande vipande."
"Lakini ulikubali, mama."
"Nilikubali. Nilidhani nikikataa, mtoto hatibiwi."
Sikuwa nimemwambia hivyo. Wala sikuwa nimemwambia sivyo.
Nikamwomba anisubiri wodini. Barafu inayeyuka.

Jumatano, 12 Machi
Nesi anasema Neema hakukoroma usiku kucha. Asubuhi alisikia viatu vyangu, akageuka kabla sijafika kitandani. Akanitazama miguu kwa muda mrefu, kana kwamba hajawahi kumsikia mtu akitembea. Mchana wakaruhusiwa kwenda. Wodi ikabaki kubwa sana.

Jumapili, 16 Machi
Nimefua. Nimekunja shuka za Mercy na kuziweka kabatini. Mvua inanyesha upande wa mlima Menengai, huku kwetu bado.
Profesa alipiga tena jana. Hakufoka. Alisema basi ni mwaka mwingine, kama nitapata watoto wengine.
Kile kinyama nilikirudisha ile Jumanne jioni. Kizima, bila kukikata, ndani ya kitambaa safi cha bandeji. Mama Neema alikipokea kwa mikono miwili, akakitia kifuani. Sikumuuliza atakizika wapi.