Mkono wa Amador

Vicuña, Chile
9 Machi

Mpendwa Shangazi Hortensia,

Nakusalimu kwa moyo wote. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Norrköping, Uswidi? Mama hajambo, presha imeshuka. Zabibu tumezivuna mapema mwaka huu, na joto bado ni kali.

Shangazi, kaa kwanza. Habari hii ni ya mwanao Amador. Yu hai.

Unajua kazi yangu kule mlimani ni kuitunza kamera ya darubini, ile inayopiga picha za galaksi za mbali na za nyota changa zilizofichwa na vumbi. Haioni mwanga tu, huona na joto. Ndiyo maana yenyewe lazima ikae kwenye baridi kali. Kila alasiri naimiminia kwa mpira naitrojeni, kimiminika cha baridi ya kutisha. Saa hizo wataalamu wa nyota wamelala, jengoni tumebaki mimi na mlinzi, mzee Baldomero. Amador aliyajua haya yote. Alikuwa akiniuliza mezani kwetu, nami nikifurahi kwamba angalau mmoja katika ukoo anaijali kazi yangu.

Jumanne walikuja watu watatu, nyuso wamezifunika, wakitaka nyaya za shaba. Baldomero akawazuia mlangoni. "Rudini, vijana. Hapa hamna chenu." Mmoja akampiga nondo ya kichwa. Mzee akaanguka magoti. Yule mtu akampiga tena, na tena, mpaka nikasikia mfupa ukivunjika, nami niko juu kwenye jukwaa la kamera, mpira wa naitrojeni mkononi.

Kisha akapanda ngazi kunifuata, wenzake wakikata nyaya chini. Sauti aliibana. "Weka chini huo mpira, dada. Usijitie wazimu."

Sikuuweka. Alipoinua nondo, niliufungulia mpira juu ya mkono wake. Glovu yake ya kitambaa ikalowa, ikaganda palepale, ikamng'ang'ania. Alipiga yowe ambalo bado nalisikia. Nikamsukuma kwa mguu, akabiringika ngazi nzima hadi chini.

"Yasna, mkono wangu! Yasna!"

Jina langu. Nikashuka, nikamvua kofia iliyomfunika uso, nikamwona mwanao. Wenzake walikuwa wameshakimbia na gari.

Madaktari wamemkata vidole vitatu. Baldomero alifariki Alhamisi bila kuzinduka. Nyaya zilipokatwa kamera ilipata joto, ikaharibika, lakini hayo nimewaachia wataalamu. Mimi nilikwenda kukaa na mjane wa mzee, Rosalba. Hakulia. Alikuwa akipiga pasi mashati ya marehemu, moja baada ya jingine.

Jana nilimwona Amador hospitalini, askari kasimama mlangoni. Aliniomba niseme aliyempiga mzee ni mwenzake.

"Wote tulifunika nyuso, nani atakubishia? Mama akijua atakufa."

Nikamwambia kwamba wewe hutakufa. Ulimzika mumeo ugenini, na kesho yake ukaingia kazini.

Mahakamani nitasema nilichokiona. Nimetaka ulisikie jambo hili kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Ukinichukia, nitakuelewa. Lakini njoo, Shangazi. Hataki kula, na akisinzia anakuita wewe.

Nisalimie Camilo, na mapacha wa Ivonne uwabusu. Mungu akutie nguvu za safari hii.

Mimi nikupendaye, hata baada ya haya,

Yasna