Mama Mkwe Haitikii Salamu ya Mikono

Shangazi Regina mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla mume wangu hajamtoa mwanangu shule. Binti yetu Fausta ana miaka minne, anasikia vizuri na akili anayo, lakini maneno hayamtoki, akijitahidi hulia kwa hasira, na tangu aanze chekechea mwalimu wake, Yudith, amemfundisha ishara za mikono nami nimejifunza naye, siku hizi ananiambia amechoka, tumbo linauma, anataka uji, hata uongo ananidanganya, Shangazi, nami nafurahi kudanganywa. Shida ni mama mkwe tunayeishi naye. Kila asubuhi Fausta humwendea akamwamkia kwa mikono, naye humtazama tu, anasema shikamoo haichezwi, inatamkwa, na kwamba mikono itaufanya ulimi uwe mvivu. Mtoto husimama pale akisubiri marahaba mpaka nimwite, na juzi hakwenda kabisa, alijificha nyuma ya mlango, nikajificha naye nikalia, sasa mume wangu Kornelio anasema mtoto asiyemheshimu bibi yake hana haja ya shule, muhula ukiisha atabaki nyumbani. Nitii?

Anitha, Malolo

Marahaba, mwanangu. Usitii. Pole kwa machozi ya nyuma ya mlango, lakini ukimaliza kulia toka, maana Fausta akikuona unajificha ataamini ana kosa, na hana.

Ishara haziibi sauti. Kila unapofanya neno kwa mkono, liseme na kwa mdomo. Mpelekeni hospitali aangaliwe, mwulize daktari kuhusu mtaalamu wa matamshi. Kornelio naye aende darasani akajifunze; siku wewe hupo na mtoto anaumwa, atajuaje ni wapi?

Sasa nikugombeze. Umejifunza lugha na mwanao mkacheka wawili, mama mkwe mkamwacha kama mgeni nyumbani kwake. Yule ni bibi, anaogopa kufa hajasikia sauti ya mjukuu wake, na hofu hiyo anaivalisha ukali. Mwombe mwalimu Yudith apite jioni moja amfundishe ishara moja tu, ile ya kuitikia.

Lakini usingoje jioni hiyo. Adabu mtoto anayo, ameshaamkia. Anayedaiwa jibu ni mkubwa. Kesho asubuhi mshike Fausta bega, nenda naye mbele ya bibi. Akishaamkia, sema kwa upole, "Mama, umeamkiwa." Kisha nyamaza, umsubiri.